Maswali ya wasomaji: flashi, flopi na diski za mashine za kupimia

Mhariri habari za kazi. Nina osiloskopu ya mezani (ile mashine inayochora mawimbi ya umeme kwenye skrini), nimenunua flashi mpya ya 64GB nikachomeka, mashine haioni kitu. Kwenye kompyuta inafunguka fresh tu. Nimeuziwa feki au mashine ndo imekufa?

Yawezekana vyote ni vizima ndugu yangu. Flashi nyingi za 64GB kwenda juu zinakuja zimefomatiwa exFAT, na osiloskopu nyingi zinajua FAT32 tu (hizo ni namna mbili tofauti za kupanga mafaili ndani ya flashi), kwa hiyo ukichomeka inakuwa kama umempa mtu barua ya lugha asiyoisoma. Tafuta flashi ndogo, 8GB au 16GB inatosha kabisa, ifomati FAT32 halafu jaribu tena. Ukitaka kung'ang'ania hiyo hiyo ya 64GB, ile dirisha ya kawaida ya kufomati ya Windows kwa miaka mingi haikuwa inakupa FAT32 ukizidi 32GB, itabidi uigawe utengeneze kipande kidogo au utumie programu nyingine. Na kabla hujafomati toa mafaili yako kwanza, maana kufomati kunafuta.

Shikamoo mwalimu. Nikisevu wimbi kwa CSV mashine inaganda dakika nyingi mpaka naona bora nizime. Mwenzangu anasevu picha ya skrini, sekunde tu kamaliza. Nami nifanye hivyo?

Marahaba. Usizime, tafadhali, ukikata umeme katikati ya kuandika unaweza kupoteza hilo faili na mengine yaliyokuwemo kwenye flashi. Mashine haijaganda, inaandika. CSV ni maandishi, kila nukta inaandikwa muda wake na volti zake tarakimu kwa tarakimu, chukulia herufi 25 hivi kwa mstari, sasa kama umerekodi nukta milioni 10 hiyo ni kama 250MB, wakati wimbi lile lile kwa faili la binari (namba tupu za kompyuta, siyo maandishi) la biti 8 ni baiti moja kwa nukta, yaani 10MB hivi. Kwa hiyo punguza urefu wa rekodi, au sevu kile kipande unachokihitaji tu kama mashine inaruhusu, au tumia binari ukabadilishe baadaye kwenye kompyuta. Picha ya mwenzako ni nzuri kwa ripoti ila haipimiki tena, kesho mwalimu akikuuliza ule mwiba wa pembeni ulikuwa na upana gani huna cha kumjibu. Mi nasevu vitatu kila mara: picha, data na faili la setingi, vyote jina moja. Na saa ya mashine irekebishe, nimeona watu wana mafaili mia yote yana tarehe moja ya zamani kisa betri ya saa imeisha.

Tuna analaiza (mashine ya kupima na kuchambua) ya zamani, ina flopi, zile diski bapa za zamani za kuchomeka, na hadidiski, ndani ni Windows. Flopi inasema imejaa wakati nafasi ipo, na hadidiski imeanza kugonga. Tuanzie wapi?

Anzeni na hadidiski, leo, flopi itasubiri. Hiyo sauti ya kugonga ni diski inayoelekea kufa na kila mkiiwasha mnaipunguzia siku. Zimeni, chomoeni umeme, toeni diski, iunganisheni na kompyuta kwa adapta yake mkopi diski nzima kama ilivyo, sekta kwa sekta, yaani kila kipande kidogo cha diski kwa mpangilio wake, siyo kuburuta mafolda. Kwenye Linux kuna ddrescue, ni ya bure, inakopi kwanza sehemu zisizo na ubovu halafu ndo inarudia zile mbovu. Nasisitiza diski nzima kwa sababu kwenye baadhi ya mashine humo ndimo yamo mafaili ya kalibresheni (marekebisho yanayofanya vipimo viwe sahihi) na leseni za nyongeza, hayo ni ya mashine hiyo hiyo moja, ukiazima diski ya mashine nyingine hata ya modeli ile ile vipimo vinaweza kutoka vya uongo na usijue. Mimi nilishapoteza rekodi za wiki tatu kwa kuziacha ndani ya mashine tu, niliumia sana, na hizo zilikuwa rekodi, siyo kalibresheni.

Flopi sasa. Ya 1.44MB iliyofomatiwa kwa DOS (mfumo wa kompyuta wa zamani) inapokea majina 224 tu pale juu kabisa, nje ya mafolda, na jina refu linakula nafasi zaidi ya moja, kwa hiyo ukiwa na vifaili vidogo vingi inajaa majina kabla haijajaa data. Tengenezeni folda ndani yake kama mashine inakubali, na majina yasizidi herufi 8. Baadaye mnaweza kufunga kile kifaa kinachokaa mahali pa flopi na kupokea flashi, ila hakikisheni kwanza mashine yenu inataka 720KB au 1.44MB.