Nilipasuliwa tumbo ili nipungue, sasa uzito unarudi

SWALI: Shikamoo Mama. Zaidi ya miaka miwili iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kukata sehemu kubwa ya tumbo na kuiondoa kabisa. Nilikuwa na kilo 121, nikashuka hadi 79. Leo nina 88. Mezani nakula kidogo sana, nusu sahani inanishinda. Lakini usiku watoto wakishalala nakaa na chai na biskuti, na mchana kazini mkono hautoki kwenye droo. Vidonge vya vitamini niliacha mwaka jana. Rafiki yangu ananiambia ninywe vimiminika tu kwa siku tano ili tumbo lirudi dogo. Kliniki naona aibu kwenda, kwa sababu mara ya mwisho niliambiwa, “Tulikupa nafasi, umeichezea.” Je, tumbo langu limetanuka? Nianzie wapi?
Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Maneno uliyoambiwa pale kliniki hakustahili kuambiwa mgonjwa yeyote. Kuongezeka kilo kadhaa kuanzia mwaka wa pili kunawapata wengi waliofanyiwa upasuaji huu, na wanaoufanya wanalijua hilo vizuri. Kutoka 121 hadi 88 ni kilo 33 ambazo magoti yako hayazibebi tena. Hukuchezea kitu.

Sasa tuje kwenye tumbo. Katika upasuaji wa aina yako huondolewa robo tatu ya tumbo au zaidi, kikabaki kimfuko chembamba kama mrija. Ni kweli hutanuka kiasi kadiri miaka inavyokwenda, ila barua yako imeshanipa jibu: nusu sahani inakushinda. Tumbo linaloshindwa nusu sahani bado linafanya kazi yake. Kilichobadilika zaidi ni njaa. Sehemu iliyotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni inayoamsha njaa, ndiyo maana wengi mwaka wa kwanza husahau hata kula. Baadaye mwili huzoea na hamu hurudi. Hapo ndipo mtu anahitaji utaratibu wa kula, na mara nyingi hakuna aliyemfundisha.

Tazama basi kinachotokea usiku. Kipande cha samaki au kijiko cha maharage hukaa tumboni, kikalijaza, ukahisi umeshiba. Biskuti iliyolowa chai inafika chini ikiwa imeshakuwa uji, inateremka kwenye utumbo upesi na kuacha nafasi ya nyingine. Kwa hiyo mtu yuleyule anayeshindwa nusu sahani anamaliza pakiti nzima bila kuhisi lolote. Krispi, aiskrimu, chokoleti na vinywaji vya sukari vinapita hivyohivyo. Upasuaji ulipunguza kiasi unachoweza kula kwa wakati mmoja. Haukugusa idadi ya mara unazokula. Ukiniuliza kilo 9 zimetoka wapi, mimi naitazama droo na kikombe cha usiku kabla ya kulilaumu tumbo.

Ndiyo maana siku tano za vimiminika siziafiki. Tumbo halisinyai kwa sababu umekunywa supu. Utapungua uzito ambao sehemu kubwa ni maji, siku ya sita utaamka na njaa kali, na utakuwa umejizoesha zaidi vitu vile vile vinavyopita haraka. Unachohitaji ni kinyume chake: chakula kigumu cha kutafuna, kwa saa zinazojulikana.

Kaa mezani mara tatu kwa siku, na kama kuna pengo refu weka kitu kidogo kimoja katikati, ulichokipanga. Anza na protini kabla hujagusa kingine chochote. Wengi walioko kwenye hali yako huhitaji angalau gramu 60 kwa siku. Yai moja lina kama 6, na gramu 100 za kuku au samaki aliyepikwa hukaribia 25. Kisha mboga. Wanga uje mwisho, kama nafasi ipo. Kata tonge dogo, litafune mpaka lilainike kabisa, weka uma chini kabla ya kuchukua lingine. Sikiliza mwili: kwa wengine dalili ya kushiba ni kubanwa chini ya kifua, kwa wengine kwikwi, na wapo ambao pua huanza kutiririka. Ukiiona dalili yako, acha hapohapo hata kama kimebaki kijiko kimoja. Usinywe wakati unakula, na subiri kama nusu saa baada ya kula, kwa sababu maji yanakisukuma chakula na kukupunguzia shibe. Kunywa kwingi kuwe katikati ya milo.

Ile saa ya usiku nadhani si njaa. Ni saa pekee ambayo nyumba imetulia na ni yako. Sitaki uipoteze. Baki na chai, bila sukari, na biskuti zisiingie ndani kabisa kwa sasa. Kuzificha kabatini hakusaidii mtu aliyechoka saa nne usiku. Ukihisi njaa ya kweli, kula yai la kuchemsha au mtindi usio na sukari, ukiwa umekaa mezani. Na kama unaona unakula kwa siri au huwezi kujizuia ukishaanza, mwambie daktari akuelekeze kwa mshauri wa saikolojia. Hayo ni matibabu kama matibabu mengine.

Kilichonishtua kwenye barua yako ni vidonge, kuliko hata uzito. Baada ya upasuaji huu vitamini ni za maisha yote. Tumbo lililobaki hutoa kidogo tindikali na ile protini inayosaidia vitamini B12 kufyonzwa, na upungufu wa B12 huharibu mishipa ya fahamu taratibu, ukianza na ganzi miguuni. Madini ya chuma nayo huwapungukia hasa wanawake wanaopata hedhi. Wiki hii kapime damu: hemoglobini, ferritini (akiba ya chuma mwilini), B12, foleti, vitamini D na kalsiamu. Ukiwa unatapika mara kwa mara, una kiungulia kisichoisha au maumivu makali ya tumbo, usingoje wiki.

Kama kliniki ile huiwezi, tafuta daktari mwingine pamoja na mtaalamu wa lishe anayewajua wagonjwa wa upasuaji huu. Siku hizi zipo pia dawa, semaglutidi ikiwemo, ambazo madaktari huwapa baadhi ya waliorudisha uzito. Muulize kama zinakufaa. Nenda na karatasi uliyoandika kila ulichokula na kunywa kwa siku tatu pamoja na saa zake, biskuti za droo zikiwemo. Majibu ya damu yakitoka, niandikie tena.