Giaboksi za klachi mbili: ipi inadumu?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kati ya giaboksi otomatiki za klachi mbili (moja ya gia witiri, nyingine ya gia shufwa), ipi inaweza kuaminiwa kwenye gari lililotumika? Tumechagua barua tano.

SWALI: Ndugu mhariri, nimepata magari mawili ya Volkswagen yenye DSG. Moja ni Golf ya petroli 1.4 yenye gia 7, jingine ni Passat ya dizeli 2.0 yenye gia 6. Rafiki yangu anasema DSG zote ni moja na zote zinakufa mapema. Nichukue lipi?

JIBU: DSG ni jina la kibiashara tu la giaboksi za klachi mbili za Volkswagen. Ndani ya magari hayo mawili mna giaboksi mbili tofauti kabisa. Golf hiyo ina DQ200, iliyotoka mwaka 2008 na ina klachi kavu, kama ya gari la manyuo. Passat ina DQ250, iliyoanza mwaka 2003 kwenye Golf R32, na plati za klachi zake zinazunguka ndani ya oili.

Wengi hudhani DQ200 inasumbua kwa sababu ni dhaifu. Ukomo wake ni torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 250, na injini ya 1.4 yenye nguvu farasi 122 inatoa Nm 200. DQ250 ina ukomo wa Nm 350, na dizeli ya 2.0 yenye nguvu farasi 140 inatoa Nm 320. Kwa hiyo hata DQ250 inabebeshwa mzigo unaokaribia uwezo wake. Kinachozitofautisha ni mahali joto linapokwenda. Gari likitambaa kwenye foleni, klachi inashika nusu na kuteleza nusu, na kila mtelezo unazaa joto. Kwenye DQ250 oili inalibeba joto hilo hadi kwenye kipoza oili, nalo linaishia kwenye maji ya injini. Kwenye DQ200 linabaki kwenye chuma na plati mpaka hewa ilipunguze polepole. Uso wa plati ukipikwa mara nyingi unakuwa kama kioo, na ndipo gari linaanza kutetemeka linapoondoka.

Klachi si ugonjwa pekee wa DQ200. Kitengo chake cha mekatroniki, yaani kompyuta, vali na pampu vilivyofungwa pamoja, kina oili yake ya haidroli ya takriban lita 1, mbali na lita 1.7 za oili ya gia. Kwenye bodi ya alumini ya kitengo hicho imefungwa chupa ndogo ya kuhifadhi presha, na bodi hupasuka pale pale chupa inapokazwa. Oili inavuja, pampu inazunguka bila kupumzika, kisha taa ya gia inaanza kumwekamweka na gari linakataa kuingia gia. Mashine ya kupimia ikitoa kodi ya hitilafu P17BF au P189C, fundi aangalie ufa huo kabla hajagusa klachi. Aidha, Novemba 2013 Volkswagen iliita yarudi gereji takriban magari milioni 1.6 duniani yenye giaboksi hii, ili oili ya sintetiki ibadilishwe kwa oili ya madini. Ile ya kwanza iliweza kuleta shoti kwenye umeme wa giaboksi, hasa kwenye joto na unyevunyevu. Gari la kabla ya tarehe hiyo liulizie ushahidi kwamba kazi hiyo ilifanyika.

Chukua Passat, kwa sharti moja: iwe na kumbukumbu za kubadilishwa oili na filta kila kilomita 60,000. Isipokuwa nazo, faida yote tuliyoieleza inapotea, kwa sababu oili ile ile inayopoza klachi ndiyo inayopita kwenye solenoidi, yaani vali za umeme, za mekatroniki. Unga wa plati ukijaa humo, gia zinaanza kugonga.

Usikisie aina ya giaboksi kwa jina la gari. Soma namba ya giaboksi yenyewe: 0AM na 0CW ni DQ200, 02E na 0D9 ni DQ250, 0GC ni DQ381, 0BH na 0BT ni DQ500. Hii ya mwisho ni ya klachi za oili yenye gia 7, inabeba Nm 600, na katika familia hii ndiyo tunayoiamini kuliko zote.

SWALI: Fundi wangu amebadilisha oili ya DSG ya gia 6. Anasema imetoka chini ya lita moja, kwa hiyo akaongeza kiasi hicho hicho. Kitabu kinasema zaidi ya lita 5. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kitabu. Oili ya zamani karibu yote bado imo ndani, na kosa hili linatokea sana kwa sababu ya kitu kidogo kisichoonekana. Ukifungua bolti ya kumwagia, ile ya pembe sita ya milimita 14, ndani ya tundu lake mmesimama kijibomba cha plastiki. Urefu wa kijibomba hicho ndio kipimo cha usawa wa oili. Kinachotoka kwanza ni ile oili tu iliyozidi juu ya mdomo wake. Lazima uingize spana ya pembe sita ya milimita 8 ndani ya tundu, ukifungue kijibomba, ndipo oili iporomoke.

Kazi nzima inakwenda hivi. Gari lisimame sawasawa pande zote, injini imezimwa. Fungua kifuniko cha filta kilicho juu ya giaboksi kwa soketi ya 24, kiinamishe kidogo oili irudi ndani, weka filta mpya na mpira wake, kisha kaza kwa Nm 20. Mwaga oili chini. Rudisha kijibomba kwa Nm 3 tu. Ukikikaza kwa nguvu za mkono kitavunjika. Jaza takriban lita 5.2 za oili maalumu ya DSG ya klachi za oili. Oili ya kawaida ya otomatiki haifai hapa.

Washa injini, kanyaga breki, pitisha mkono wa gia P, R, N, D na S, sekunde chache kila mahali, kisha rudi P. Unganisha mashine ya kupimia usome joto la oili. Likiwa kati ya nyuzi 35 na 45, injini ikiendelea kuunguruma, fungua bolti ya chini. Oili iliyozidi itatiririka, kisha itabaki kudondoka tone kwa tone, na hapo funga kwa bolti mpya, Nm 45. Isipotoka hata tone, ongeza. Ukipima injini ikiwa imezimwa, oili ya kwenye klachi na kipoza inakuwa imerudi chini, na kipimo kinakudanganya.

Rudi kwa fundi, kazi ianze upya. Tena usikawie, maana filta mpya, kama aliiweka, sasa inachuja oili chafu.

SWALI: Ford Focus za 2012 hadi 2016 zenye giaboksi ya PowerShift zinauzwa kwa bei nafuu sana. Je, kubadilisha klachi kunamaliza tatizo la kutetemeka?

JIBU: Mara nyingi kunalituliza kwa muda. Giaboksi hiyo, DPS6, ina klachi kavu, na mojawapo ya vyanzo vya mtetemo ni sili (mipira ya kuzuia oili) za shafti za kuingilia kuvujisha oili mpaka kwenye plati. Ukiweka klachi mpya ukaacha sili za zamani, plati mpya zitalowa vilevile. Sili zibadilishwe pamoja na klachi, uma zake zikaguliwe, kisha kompyuta ya giaboksi ifundishwe upya mahali klachi zinapoanza kushika. Kompyuta hiyo nayo ina historia ya kufa: gari linazima au linapoteza gia barabarani, na huo ni mkasa wa hatari. Marekani Ford iliongeza dhamana ya kompyuta hiyo hadi miaka 10 au maili 150,000, na mwaka 2018 mahakama ya Australia iliitoza kampuni hiyo dola milioni 10 za huko kwa namna ilivyowashughulikia wateja waliolalamika.

Ushauri wetu ni kuliacha. Ila usiichanganye na PowerShift ya Mondeo ya dizeli. Hiyo ni 6DCT450 yenye klachi za oili, jina moja tu ndilo linaloziunganisha.

SWALI: Mnaionaje giaboksi ya Honda Fit Hybrid na Vezel Hybrid?

JIBU: Mfumo huo, i-DCD, una gia 7, klachi mbili kavu, na mota ya umeme iliyofungwa kwenye shafti ya gia witiri. Kwa kawaida gari linaondoka kwa mota, kwa hiyo klachi inaepushwa na kazi ngumu kuliko zote. Hapo inaizidi DQ200.

Lakini msaada huo unategemea betri ya haibridi. Betri ikichoka, injini ndiyo inayolianzisha gari, hasa kwenye mlima na foleni, na klachi kavu inarudi kwenye adha ile ile. Onyo la joto la giaboksi likitokea kwenye dashibodi, pima betri pia. Mwaka 2013 na 2014 Honda iliyaita magari haya mara kadhaa, hasa kwa ajili ya programu za kompyuta, kwa hiyo hakikisha kwa namba ya chesisi kuwa marekebisho yote yalifanyika. Tungelinunua, betri ikipimwa kwanza.

SWALI: Nitajaribuje gari la namna hii kabla ya kulipa? Na kwenye taa nyekundu niweke N?

JIBU: Muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kwani baadhi ya ubovu huonekana giaboksi ikiwa baridi na mwingine ikishapata moto. Endesha taratibu kwa dakika 20, ukisimama na kuondoka, halafu tafuta kimlima kidogo. Achia breki bila kukanyaga mafuta: gari lisogee laini. Tazama kioo cha pembeni. Kikitikisika gari linapoondoka kisha kikatulia, klachi inashika kwa kurukaruka. Kwa DQ200, rudia kwa rivasi. Gia 1, 3, 5 na 7 zinatumia klachi ya kwanza, ilhali 2, 4, 6 na rivasi zinatumia ya pili. Likitetemeka mbele tu, unajua iliyochoka. Malizia kwa kusoma kodi za hitilafu, na ukikuta zimefutwa siku hiyo hiyo, ondoka.

N haina haja. Ukikanyaga breki sawasawa klachi inaachia yenyewe. Kinachoiua ni breki ya kugusagusa, gari likinyata sentimita kwa sentimita, au kulizuia mlimani kwa mafuta. Subiri nafasi ya urefu wa gari moja ifunguke mbele yako, kisha achia breki kabisa uende.