Jibu: Maonyesho ya historia ya wenye ulemavu Iringa, nianzie wapi?

Mkuu nimekusoma, umeshakusanya picha ila hujui uanzie wapi. Anza na watu, picha baadaye. Pita Neema Crafts, kituo cha kazi za mikono pale Iringa mjini, wapo tangu 2003 na mafundi wake ni wenye ulemavu, waombe wachague wenyewe cha kuonyesha. Ukumbi ukague ngazi na milango kabla hujalipa, meza ziwe chini aliye kwenye kiti mwendo aone vizuri, na viwepo vya kushika, mfano gongo la kutembelea la mti lenye kipande cha tairi chini, asiyeona aguse. Mkalimani wa lugha ya alama ulizia CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania) mapema, na alipwe jamani! Picha za wenye ualbino usirushe WhatsApp bila ridhaa ya maandishi, ni usalama wao, na akiwa mtoto muone kwanza afisa ustawi wa jamii.