Jibu: Nimelipa ada yote, binti anashinda benchi

Mama Neema, pole sana. Umelipa ada nzima ya timu ya softiboli (mchezo unaofanana na besiboli) ya binti yako wa miaka 12 huko Ohio, Marekani, halafu Jumamosi kocha akaleta wasichana wawili wa kuazima kutoka timu nyingine, wako akashinda benchi. Unauliza kama udai pesa zako.

Kurudishiwa ni kazi ngumu. Ada ya timu hizi za kusafiri, yaani zinazozunguka kucheza mashindano, huishia kwenye kiingilio cha mashindano, sare, bima na ukumbi wa mazoezi majira ya baridi, na mara nyingi mkataba husema kulipa si dhamana ya kucheza. Soma ule uliosaini.

Ila suala la kuazima, hapo niko upande wako kabisa. Mchezaji huazimwa pengo likitokea: mtoto kaumia, au hamfiki wachezaji tisa wanaohitajika uwanjani. Kumtanguliza mgeni mbele ya aliyelipa na kuhudhuria mazoezi yote ni dhuluma.

Mwandikie kocha, usimkabili uwanjani mbele ya watoto. Omba hesabu ya mapato na matumizi, kisha uliza binti arekebishe nini hasa. Mkumbushe pia kwamba mashindano mengi ya umri huu huruhusu wasichana wote kupiga mpira kwa gongo kwa zamu, hata asiyepangwa kwenye ulinzi, yaani kudaka mpira wapinzani wanapopiga. Hilo halimgharimu chochote!

Akikataa, majaribio ya msimu mpya kwa kawaida huwa Agosti. Kabla hujalipa popote, uliza kikosi kina wangapi. Kumi na wawili wanatosha. Ukiambiwa 15, tafuta kwingine.