Mizani ilinidanganya

Wiki ya nne ya matibabu ya mwanangu, mwenye lukemia (saratani ya damu), nilitembea wodini kifua mbele. Mashavu yamejaa, tumbo limetuna, kilo zimeongezeka mbili. Nikawapigia ndugu simu kuwajulisha. Kisha muuguzi akaja na utepe, akampima mzunguko wa mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko. "Mama, mtoto anakonda," akasema.

Kumbe zile kilo zilikuwa maji na mafuta. Prednisoloni, dawa ya stiroidi wanayopewa watoto wenye lukemia wiki za mwanzo, huvimbisha uso huku ikila misuli. Tangu hapo nampima mkono kila Jumatatu na kuandika daftarini. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, chini ya sentimita 12.5 ni utapiamlo, na chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali. Wa kwangu amepita umri huo, kwa hiyo naangalia kama namba inashuka.

Mtoto aliyedhoofika hushikwa na maambukizi upesi, dawa zikasimamishwa, na safari yenyewe ni ya miaka miwili hadi mitatu. Lakini usimshindilie. Unene uliopitiliza nao umehusishwa na ugonjwa kurudi. Mimi, stiroidi zilipomwamsha saa nane za usiku akidai chakula, nilimpa chochote kitamu ili anyamaze. Afadhali ningekuwa na kitu chenye protini karibu.

Stiroidi zilipoisha, akagoma kula kabisa. Niligombana naye siku tatu nzima kabla ya kujiuliza alipata choo lini. Vinkristini, dawa nyingine ya saratani, hufanya choo kiwe kigumu, na tumbo lililojaa halipokei kitu. Omba dawa ya kulainisha mapema, ile ya kunywa. Ya kuingizwa kupitia njia ya haja kubwa usiiguse bila daktari, maana kinga ikiwa chini mchubuko mdogo tu huleta balaa. Na vitamini za kuletewa na ndugu, mwonyeshe daktari kwanza: asidi ya foliki, mojawapo ya vitamini hizo, inaweza kupingana na methotreksati, nayo ni dawa ya lukemia.

Ninachojutia zaidi ni mpira wa kulishia puani. Niliukataa wiki mbili, nikiuona kama kukubali kushindwa. Siku ulipowekwa, mwanangu alilala mchana kutwa, bila mtu wa kumfuatafuata na kijiko.