Mwanga wa Asubuhi kwa Mgonjwa Asiyelala Usiku

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba baba yake mwenye dimensia, yaani maradhi ya ubongo yanayofifisha kumbukumbu na akili, husinzia mchana kutwa, na usiku ukiingia huanza kuzunguka nyumba nzima akitafuta mlango wa kutokea. Anauliza kama tiba ya mwanga, yaani kumweka mgonjwa kwenye mwanga mkali mchana, inasaidia kweli. Kwa mama yangu ilisaidia, na nalisema hili kwa fahari, kwa kuwa wapo ndugu walionikejeli kwamba namsumbua mgonjwa bure ilhali dawa ya usingizi ingetosha. Maneno hayo yananiuma hadi leo.

Jua lilipoelekea kuzama, mama alianza kuhangaika: alilikunja shuka lake, akalikunjua, akalikunja tena, huku akisisitiza kwamba watoto wake wanamsubiri nyumbani, nami mwanawe nimeketi mbele yake.

Ndani ya ubongo kuna kundi dogo la seli linaloendesha saa ya mwili, na saa hiyo hurekebishwa kila siku na mwanga unaoingia machoni. Dimensia huziharibu seli hizo, uzee huigeuza lenzi ya jicho kuwa ya manjano, na mgonjwa anayeshinda ndani hupata luksi (kipimo cha ukali wa mwanga) mia chache tu, wakati nje, siku ya jua, hata kivulini mwanga huweza kuzidi luksi 10,000. Nchini Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia wazee 189 katika makazi 12 ya kutunzia wazee. Mwanga wa takribani luksi 1,000 mchana kutwa uliwapunguzia dalili za huzuni na kupunguza kidogo kasi ya kudhoofika kwa akili. Tafiti nyingine hazikuona nafuu ya maana, na hakuna taa inayoponya dimensia.

Mama nilimwekea taa ya luksi 10,000 kando ya meza kila asubuhi kwa nusu saa, bila kumtaka aikodolee macho. Kiwango hicho hupatikana kwa umbali uliotajwa na mtengenezaji tu. Ukiisogeza taa mbali, nguvu yake hushuka haraka. Kumtuliza kitini kulikuwa kazi kubwa, mpaka nilipompa nguo za kukunja. Baada ya majuma kadhaa, usingizi wake wa usiku ulianza kushikamana.

Ninyi mnaotunza wazazi, msikubali mzee ashinde kwenye chumba chenye mapazia yaliyofungwa, kisha usiku apewe kidonge ambacho huenda kikamzidishia kuchanganyikiwa na hatari ya kuanguka. Mtoeni nje asubuhi. Mwanga wa jua hauuzwi. Jioni, punguzeni taa.

Kwako msomaji wangu: kabla ya kununua taa, baba apimwe macho, hasa kama ana mtoto wa jicho au maradhi ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), na daktari azipitie dawa zake, kwani baadhi huongeza usikivu wa ngozi na macho kwa mwanga. Akiumwa kichwa au akizidi kuhamaki, punguza muda. Andika kila siku saa anayolala na anayoamka, na umpelekee daktari daftari hilo.