Muulize Dokta wa Mifugo: Mbuzi wa mnadani wameanza kuhara

SWALI: Shikamoo dokta. Nimenunua mbuzi watano mnadani Dodoma, majike wanne na beberu, nikawaleta Mlandizi na fuso. Wamefika wazima ila na njaa kali, nikawawekea pumba ya mahindi wakala mpaka wakasaza, asubuhi nikawafungulia kwenye majani maana huku mvua imenyesha kila kitu kijani. Sa hivi wawili wanahara uharo wa kijani na wamenywea. Nimewapa dawa ya minyoo ile albendazo, bado. Jirani anasema niwanyweshe vile vidonge vya rangi mbili vya binadamu. Nifanyeje, hela yangu inapotea hivi hivi naiona.
Kijana wa Mlandizi

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Hivyo vidonge mrudishie jirani yako na umshukuru. Mbuzi anategemea vijidudu vilivyomo kwenye tumbo lake kubwa, ndio vinavyochachusha majani mpaka yakawa chakula, na hao wako walikuwa wanakula majani ya migunga na nyasi kavu za Dodoma, vijidudu vyao vimezoea hivyo. Wewe umewashusha kwenye gari wamechoka, wana kiu, ukawapa pumba kwa wingi (pumba inachachuka haraka inajaza asidi tumboni) alafu kesho yake majani teketeke ya masika yaliyojaa maji. Vijidudu vinahitaji kama wiki 2 mpaka 3 kuzoea chakula kipya, hao wako hata siku mbili hawakupata. Ukiwamwagia antibayotiki ya kumeza kama hivyo vidonge juu yake unaviua hata vile vilivyobaki, utashangaa mbuzi kagoma kula kabisa.

Kwahiyo pumba toa yote, kwenye majani mabichi usiwapeleke kwa sasa. Wape nyasi kavu na matawi ya miti wanayoijua, maji safi yasikauke, na wale wanaohara wanyweshe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai. Mbuzi mkubwa nusu lita mara mbili tatu kwa siku, taratibu, kichwa usikiinue sana yasije yakaingia kwenye mapafu. Mavi yakirudi kuwa punje ndio uanze kuwatoa malishoni, umande ukishakauka na wakiwa wameshakula nyasi kavu kwanza, muda mfupi tu, uwe unaongeza kidogo kidogo. Pumba nayo anza na konzi moja, na kama majani yapo mi sioni hata haraka ya nini.

Kuhusu albendazo usirudie. Jike la mnadani hujui kama lina mimba, na dawa hiyo mimba ikiwa changa inaweza kuharibu kitoto. Alafu yule mnyoo mbaya zaidi wa mbuzi, anayenyonya damu, mara nyingi wala haharishi, anamfanya mbuzi aishiwe damu. Funua kope ya chini uangalie, kama ni nyeupe au kuna uvimbe chini ya taya, mwite mtaalamu apime kinyesi na akupe dozi kwa uzito.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa virusi unaoambukiza, ambayo hapa nchini ilithibitishwa 2008 kule Ngorongoro. Dalili zake huanza kama siku 3 mpaka 6 baada ya kuambukizwa, yaani mbuzi anaipata mnadani, anakuja kuumwa akiwa kwako. Nunua themometa, mpime njia ya haja kubwa. Joto likipita nyuzi 40.5 huku macho na pua vinatoa uchafu, au ana vidonda mdomoni, usisubiri kesho, mpigie afisa mifugo wa kata, na usiuze wala kumhamisha hata mmoja. Na kama ulikuwa na mbuzi wengine hapo nyumbani wageni wakae mbali nao wiki 3 au 4, uwahudumie wa mwisho.

SWALI: Dokta, wangu hahari, ila tumbo upande wa kushoto limejaa kama ngoma na anasaga meno. Alikula majani mabichi mengi leo.
Mama Wawili, Morogoro

JIBU: Mama, hilo la leo leo. Msimamishe miguu ya mbele iwe juu kidogo, mnyweshe mafuta ya kula yasiyo na viungo kama mililita 100, polepole, umkande hilo tumbo na umtembeze huku unamtafuta daktari kwenye simu. Usithubutu kumtoboa na kisu hata wakikwambia babu zao walifanya hivyo. Na kama sio majani, kaingia stoo akala mahindi, mafuta hayatamsaidia, mwambie daktari hivyo hivyo ulivyomkuta ili ajue anakuja na dawa gani.